MTO MALAGARASI: KAZI YA MVUA NA KAZI YA MIKONO YA WATU

Ardhi oevu ni ardhi inayofunikwa na maji kwa mwaka mzima au kwa msimu. Kwetu Unguja na Pemba, iliyo maarufu ni ile ya mikoko. Bara, iliyo kubwa ni bonde la Malagarasi na Muyovozi, linalopokea maji ya miinuko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Mwaka 2000 bonde hilo, lenye hekta zipatazo milioni 3.25, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa la kwanza nchini Tanzania.

Mvua za Novemba hadi Aprili huchukua udongo wa milimani. Mto ufikapo tambarare hupungua kasi: mchanga hutua kwanza, kisha tope laini. Mafunjo na matete hulishika tope hilo, na kinamasi huhifadhi maji na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Tope linalosalia hutua mdomoni mwa mto, katika Ziwa Tanganyika, na kujenga delta.

Mikoko yetu huumbwa na maji kujaa na kupwa kila siku. Ziwa halina bamvua. Kina chake hubadilika kwa miaka. Lilipanda baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tena mwaka 2020 na 2021, likaingia katika makazi ya ufukweni. Ziwa likipanda, mto hutua mzigo wake ndani zaidi ya nchi kavu. Likishuka, mto huchimba upya tope uliloliweka wenyewe.

Juu ya hayo yote imo kazi ya binadamu. Shamba lililolimwa kufuata mteremko, moto wa kila mwaka na ukataji kuni huuacha udongo wazi. Haja ya kuni iliongezeka kwa wingi wa wakimbizi waliofika kuanzia mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Nao, kama wenyeji wao, hawana budi kupika. Aidha, anayechimba mifereji ili akaushe kinamasi apate shamba hupata mavuno ya misimu michache. Mafunjo yakifa, hakuna tena cha kulishika tope wala cha kuyalimbika maji ya kiangazi.

Mkulima wa Kasulu hamwoni mvuvi wa Ilagala, lakini udongo wake humfikia.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo na fuko, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Watendaji wa vijiji wanapaswa kuwaelimisha wakulima walime kwa makinga maji, wapande miti ya kuni karibu na makazi, na wayaache mafunjo yasimame. Nasi wa visiwani tuzingatie hayo: akataye mkoko huifungulia bahari mlango.