Kufundisha Umbo la Ndani la Maji

Mtoto wa Nakwa, mjini Babati, huyajua maji kwa kuyachota, kuyanywa na kulitazama Ziwa Babati. Aambiwapo katika somo la Sayansi kwamba maji yamejengwa kwa chembe ziitwazo molekuli, huuliza: “Mwalimu, nani aliziona?” Swali hilo ni la haki. Mwalimu asilikwepe kwa kuchora ubaoni oksijeni moja na haidrojeni mbili, kisha akaendelea.

Hakuna aliyeziona kwa macho. Wataalamu huzichunguza kwa mwanga, kwa njia iitwayo spektroskopia. Ili kuieleza, mweke mwanafunzi nje ya mlango apige uzi wa zeze. Aulegeze, apige tena. Walio ndani watatambua kuwa uzi umelegea, ingawa hawakuuona. Vivyo hivyo, kiungo cha oksijeni na haidrojeni hutikisika yapata mara trilioni 100 kwa sekunde, nacho hunyonya mwanga wa infraredi wenye mtikisiko uliolingana na wake. Mtaalamu hupima mwanga uliopungua.

Katika mvuke, ambako molekuli zimetengana, “sauti” hiyo ni ya juu. Katika maji, haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani. Kiungo chake cha awali hulegea kidogo, na sauti hushuka. Katika barafu hushuka zaidi. Tena, sauti ya maji ni mchanganyiko mpana, kwa kuwa molekuli zake hazikushikwa zote kwa nguvu sawa.

Sasa watoke uwanjani. Mikono miwili ya mtoto ni haidrojeni; mabega yake ni mahali pa kushikwa na wenzake wawili. Wakiwa barafu, washikane imara. Wakiwa maji, kila filimbi iliapo wabadilishe majirani. Waeleze kuwa mchezo huu ni wa polepole mno: mishiko halisi hubadilika katika muda unaokaribia sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Akitokea wa kuuliza kila molekuli hushikana na ngapi, usijitie uhakika. Wataalamu wengi husema karibu nne. Mwaka 2004 watafiti waliotumia eksirei waliandika katika jarida la Science kuwa nyingi hushikana kwa nguvu na mbili tu; wengine wakapinga vikali. Ziandike hoja zote mbili ubaoni, darasa lijue kuwa hata wakubwa hubishana juu ya maji.

Zeze likikosekana, uzi uliokazwa juu ya kopo tupu hutosha.