Zambia: Ardhi Iliyokataa Choo

Mwishoni mwa Desemba 2017, Rais Edgar Lungu wa Zambia aliyaamuru majeshi ya nchi hiyo yashiriki katika vita dhidi ya kipindupindu mjini Lusaka. Askari waliingia mitaani wakazoa taka na kuzibua mitaro. Visima vifupi vilivyokuwa na maji machafu vilifukiwa. Januari 2018 amri ya kutotembea usiku ilitangazwa katika mtaa wa Kanyama. Hata hivyo watu zaidi ya 100 walifariki kabla ugonjwa haujatulia. Oktoba 2023 ukazuka tena, na safari hii ulipoteza maisha ya watu zaidi ya 700 nchini humo, Lusaka ikiwa ndicho kitovu chake.

Kwa nini mji uliokwisha kufagiliwa na majeshi urudiwe na maafa yale yale? Umaskini na msongamano vina sehemu yao, lakini sababu nyingine imo chini ya nyayo za wakazi.

Sehemu kubwa ya Lusaka imejengwa juu ya miamba ya jamii ya chokaa. Miamba hiyo imeliwa na maji kwa karne nyingi hata ikawa na nyufa na mapango, na udongo uliolala juu yake ni mwembamba. Katika mtaa wa Kanyama mchimbaji wa choo hugonga jiwe mapema, na masika yakija maji ya ardhini hupanda yakaingia shimoni. Uchafu wa shimo hilo huteremka kwa njia za nyufa na kuyafikia maji yale yale ambayo jirani anayateka kisimani.

Hapo ndipo umuhimu wa udongo unapoonekana. Wengi hudhani kwamba karo la saruji husafisha maji. Sivyo. Karo hutenganisha tu: mazito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado yamejaa vijidudu. Kazi ya kuviua na kuvinasa hufanywa na udongo mkavu ulio chini ya shimo la kufyonza. Pasipo udongo huo, karo lenye gharama kubwa halina tofauti na bomba linalomwaga kinyesi kisimani.

Jambo hili linavihusu sana vituo vya polisi vya mashambani na kambi za mipakani, ambako kikosi huchimba choo chake na kisima chake katika kiwanja kimoja. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, hapana budi ardhi ihojiwe.

Kwanza huchimbwa shimo la uchunguzi, lenye kina kipitacho kile cha choo kwa mita 2 hivi. Udongo mwekundu ulio sawasawa ni dalili ya ardhi isiyotuama maji. Mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu husema kwamba maji hufika hapo kila mwaka, hata kama shimo ni kavu mwezi Septemba. Kati ya kitako cha choo na maji ya masika hutakiwa udongo mkavu usiopungua mita 1.5. Kupima wakati wa kiangazi peke yake ni kujidanganya.

Kisha hupimwa ufyonzaji. Shimo dogo lenye upana wa sentimita 30 hujazwa maji na kuachwa usiku kucha, maana udongo mkavu hunywa kwa pupa siku ya kwanza. Kesho yake hujazwa tena, na saa hushikwa mkononi. Maji yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka sentimita 2.5, ni udongo wa mfinyanzi, na karo litafurika uani. Yakishuka kiasi hicho chini ya dakika 1, yanakimbia bila kuchujwa. Wachimbaji wengi huifurahia hali hii ya pili, kumbe ndiyo ya hatari zaidi.

Kanuni ya kutenga choo na kisima kwa mita 30, kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko, hufaa penye udongo wa kutosha. Katika mwamba wenye nyufa kama wa Lusaka haitoshi, kwa sababu maji husafiri mbali upesi, tena si lazima yafuate mteremko unaoonekana kwa macho.

Penye ardhi ya namna hiyo choo huinuliwa juu ya ardhi, juu ya chumba kilichojengwa na kusakafiwa kisivuje. Huko Kanyama vikundi vya watapisha vyoo hukomba uchafu kwa zana za mkono, huupakia katika mapipa na kuupeleka kwenye mahali pa kuusafishia. Ni kazi nzito isiyo na sifa, na hulipiwa kila chumba kinapojaa, gharama ambayo mwenye nyumba hana budi kuihesabu kabla hajaanza kujenga.