Mataji Sita ya Wafumaji wa Duara

Buibui wa ukoo wa Araneidae hufuma utando wa duara. Spishi zao zinapita 3,000, na wametapakaa kila bara isipokuwa Antaktika. Hawa ndio vinara wao.

1. Utando mkubwa kuliko wote
Ni wa Caerostris darwini wa Madagaska, aliyetambulishwa mwaka 2010. Jike huachia uzi, upepo ukaupeleka hadi ng'ambo ya mto. Uzi hufika mita 25: mabasi mawili makubwa yaliyofuatana. Hapo hutundika utando wa hadi mita za mraba 2.8, karibu doti nzima ya khanga!

2. Uzi sugu kuliko wote
Ni yuleyule! Kabla haujakatika, uzi wake hufyonza nishati mara 10 ya Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi.

3. Mkubwa wa wafuma dhahabu
Wafuma dhahabu ni buibui wenye hariri ya rangi ya dhahabu; mkubwa wao ni Trichonephila komaci wa Afrika Kusini na Madagaska. Jike ana mwili wa karibu sentimita 4. Akitandaza miguu anafika 12, kiasi cha kufunika kisosi cha chai. Wa kwanza alikusanywa Sodwana Bay, Afrika Kusini, mwaka 1978, akasubiri jina miaka 31. Alipewa jenasi ya Nephila mwaka 2009, kisha wataalamu wakamhamishia Trichonephila.

4. Wanandoa wasiolingana kabisa
Nephila pilipes ameenea kutoka India hadi Australia. Jike humzidi dume uzito mara 125. Kwa binadamu, mume wa kilo 60 angekuwa na mke wa kilo 7,500, mzito kuliko tembo dume wa kawaida!

5. Taji la muda mfupi kuliko yote
Kisukuku cha China chenye miaka milioni 165 kilitangazwa mwaka 2011 kuwa Nephila mkongwe kuliko wote. Mwaka 2013 kikahamishiwa jenasi nyingine, Mongolarachne. Ubingwa haukumaliza hata muhula mmoja wa mbunge.

6. Vazi lililokusanya wengi zaidi
Mwaka 2012 joho la hariri ya buibui, la rangi ya dhahabu, lilionyeshwa London, halijatiwa rangi hata tone: hariri ya wafuma dhahabu wa Madagaska huzaliwa na rangi hiyo. Buibui milioni 1.2 walikamatwa, wakavutwa uzi, wakaachiwa. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Mombasa nzima, mkubwa kwa mdogo, kila mtu na buibui wake, kwa joho moja!