Picha za Kuunganishwa: Kutoka Chumba cha Giza Hadi Kompyuta

Ndugu wanakikundi, katika nyumba nyingi tunazotembelea kuna picha ukutani: marehemu babu amesimama na wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Vijana wa maduka ya picha pale River Road, Kangemi na Kawangware hufanya kazi hiyo kila siku. Wengine huiita uongo. Mimi siiti hivyo, kwa maana familia yenyewe ndiyo iliyoiomba na kila mtu nyumbani anajua. Shida huanza pale anayetazama hajui.

Zamani hii ilikuwa kazi ya jasho. Fundi alijifungia katika chumba cha giza chenye taa nyekundu, kwa sababu karatasi ya picha nyeusi-na-nyeupe haiharibiki kwa mwanga mwekundu. Aliweka negativu ya kwanza kwenye mashine ya kukuza picha, akakinga sehemu ya karatasi kwa kadi, halafu akamulika. Kisha akaweka negativu ya pili na kukinga ile sehemu iliyokwisha kumulikwa. Karatasi ikiingia kwenye dawa ndipo alipojua kama shingo imekaa mabegani. Ikiwa haijakaa, basi, anatupa na kuanza upya. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa bingwa wa kazi hiyo, naye alijifundisha mwenyewe.

Wengine walitumia mkasi na gundi. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusoma Loreto Convent Msongari, amejulikana duniani kwa sura za wanawake alizozibandika kutokana na vipande vya magazeti. Yeye hafichi maungio. Ukitazama unaona wazi kwamba karatasi imekatwa.

Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka. Fikiria vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: babu yuko kwenye kioo kimoja, wajukuu kwenye kingine, na nyumba nyuma yao. Ukikosea unasogeza kioo kimoja tu, hakuna karatasi ya kutupa. Ndiyo sababu mtu asiye na koti siku hizi huvalishwa koti na tai ndani ya kompyuta, akaenda kuomba kazi. Osborne Macharia wa Nairobi naye ametumia kompyuta kutengeneza picha za akina nyanya waliovalia kifahari, pamoja na hadithi ya kubuni kwamba waliwahi kuwa wakubwa serikalini.

Usifikiri ni mchezo wa studio tu. Kijana Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, alisambaza mitandaoni picha za vivuli vyeusi za kumkejeli Rais. Tarehe 24 Desemba 2024 alitekwa jijini Nairobi, akapatikana Januari 2025. Ujerumani, John Heartfield aliyekuwa akiunganisha picha dhidi ya Hitler alilazimika kukimbia nchi yake mwaka 1933. Watu hawa hawakumdanganya mtu. Kila aliyetazama alijua ni kejeli.

Sasa tuje kwa mfuko wa kikundi. Wakora wa ploti hutuma picha kwenye simu: ardhi tambarare, nguzo ya stima, barabara ya lami karibu. Nguzo na lami zaweza kuwa zimetoka kwingine, na siku hizi akili mnemba hutengeneza picha nzima bila kamera. Tazama vivuli: kama cha mti kinalala kulia na cha nguzo kushoto, uliza. Lakini msitegemee macho peke yake, kwa maana fundi mzuri hurekebisha vivuli pia. Tumeni watu wawili wafike kwenye ploti yenyewe na kuongea na majirani. Ploti ikiwa Nairobi, umiliki utafutwe kwenye mfumo wa Ardhisasa. Kwingine, mweka hazina aulize ofisi ya ardhi inayohusika, na majibu yasomwe mkutanoni kabla hundi haijatiwa sahihi.