Kibali cha Ujenzi ni Uamuzi wa Maji

Maji yanapoadimika mtaani, lawama ya kwanza huelekezwa kwa mamlaka ya maji: pampu imeharibika, mgawo haueleweki, bili imepanda. Mara nyingi lawama hizo zina ukweli. Hata hivyo, uamuzi mzito kuhusu maji ya Sumbawanga hufanyika mapema zaidi, siku ramani ya viwanja inapopitishwa na kibali cha ujenzi kinapogongwa muhuri. Hapo ndipo inapoamuliwa mvua ikinyesha iende wapi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, jirani na safu ya Mbizi. Mashariki ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi inateremka hadi Ziwa Tanganyika. Maziwa yote mawili yako chini yetu kwa mita 1,000 hivi. Kuyapandisha maji hayo kunawezekana kihandisi, lakini kila lita itakuja na gharama ya umeme. Akiba ya karibu ni ile inayoachwa juu ya uwanda na mvua za Novemba hadi Aprili: chemchemi na vijito vya milimani, pamoja na maji ya ardhini tunayoyavuta kwa visima virefu.

Akiba hiyo hujazwa na mvua inayopata nafasi ya kuzama. Udongo wenye nyasi na miti hunyonya. Bati, uwanja wa saruji na barabara iliyoshindiliwa havinyonyi. Nyumba moja haibadilishi kitu, lakini mtaa mzima uliojengwa bila nafasi wazi hugeuza mvua kuwa mafuriko ya saa mbili, kisha ukame wa miezi sita. Maji yanayoteremka kwa kasi hubeba udongo hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kuyatoa, na tope hubaki humo. Nasi tunaongezeka haraka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani kwetu Rukwa, na ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Wote hao wanahitaji viwanja.

Nguvu ya kulisimamia jambo hili halmashauri inayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru kingo za mito, maziwa na mabwawa ndani ya mita 60. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo baraza la madiwani linaweza kuamua kwamba hakuna ramani ya nyumba itakayopitishwa bila kuonyesha mambo matatu: maji ya paa yatakusanywa wapi, yatakayofurika yatazama wapi, na shimo la choo litakuwa umbali gani na kisima.

Je, bati linaleta maji kiasi gani? Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 48,000. Tukitoa moja ya tano kwa upotevu, zinabaki zaidi ya lita 38,000. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Tukikitumia kiwango hicho, familia ya watu watano inahitaji lita 23,000 kuanzia Mei mpaka Oktoba.

Simtanki la lita 5,000 haliwezi kuivusha familia hiyo kiangazi chote. Litadumu siku 40. Faida yake kubwa iko wakati wa mvua, linapojaa tena na tena, familia ikafua na kuosha vyombo kwa maji ya paa huku sehemu ya maji ya ardhini ikipumzika. Mvua ya kwanza imwagwe, kwa kuwa inaosha vumbi la bati. Ya kunywa yachemshwe.

Wapo watakaosema sharti hili litamwonea mwenye kipato kidogo. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni utaratibu. Halmashauri ianze na majengo yake: shule, zahanati, masoko na ofisi, yenye mapaa mapana kuliko nyumba zetu. Nyumba ndogo zidaiwe kwanza shimo la kuzamishia maji na eneo lisilosakafiwa, vitu vinavyohitaji sululu na mawe kuliko fedha. Tangi liwe sharti kwa majengo makubwa na ya biashara.

Nasi wenye nyumba tuna wajibu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku. Itengenezwe leo.

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka. Kabla ya kikao kijacho, muulize diwani wako swali moja: ramani mnazopitisha zinasema nini kuhusu maji? Kama hazisemi chochote, mwombe apeleke hoja.