Je, Wajua? Vipuri vya Midoli Vinavyomiminwa Mezani

Je, wajua kuwa kigari cha mtoto kikibakiwa na tairi moja zima, hilo moja linatosha kuzaa mengine matatu? Lizungushie kiboksi, limiminie silikoni ya maji, ngoja igande, kisha lichomoe. Shimo linalobaki ndiyo kalibu. Resini, plastiki ya maji inayoganda, ikimiminwa humo hutoka na kila mstari wa tairi la zamani, pamoja na mikwaruzo yake. Kwa hiyo safisha kwanza.

Je, wajua kuwa kiboksi chenyewe mafundi wengi hukijenga kwa matofali ya LEGO? Yanabanana vizuri, hivyo silikoni haivuji, na kesho yanapangwa upya kwa kipuri kingine.

Je, wajua kuwa silikoni iliyoganda hainatani na karibu kila kitu, ila silikoni mwenzake? Kalibu ya vipande viwili hupakwa Vaseline kwenye uso wa nusu ya kwanza kabla ya kumimina ya pili. Ukiruka hatua hiyo, unabaki na bonge moja la mpira, kipuri kimezikwa ndani, na kazi iliyobaki ni ya kisu.

Gololi nazo zina kazi. Zikikandamizwa kwenye udongo wa kufinyangia unaoshikilia kipuri, huacha vishimo vinavyofanya nusu mbili za kalibu zikutane palepale kila mara. Ila chunguza udongo wenyewe: wenye salfa huizuia silikoni inayogandishwa kwa platini isigande. Glavu za lateksi pia huleta balaa hilo hilo.

Je, wajua kuwa kalibu ya bei nafuu inaweza kutoka kwenye bomba la silikoni ya kuzibia madirisha, ile yenye harufu kali ya siki? Silikoni hiyo huganda kwa unyevu wa hewani, ndiyo maana bonge nene hukauka ngozi ya nje huku ndani likibaki uji kwa siku kadhaa. Dawa yake ni wanga wa mahindi, ule mweupe wa kuifanya supu iwe nzito, si unga wa sembe. Wanga hubeba unyevu hadi katikati, na bonge zima huganda kwa pamoja. Likande ukiwa na glavu, dirisha wazi, kisha ligandamize juu ya kipuri kabla halijakaza.

Sasa geuza mambo. Unyevu ulioisaidia silikoni ndio adui mkubwa wa resini ya poliuretani. Resini hii huja katika chupa mbili, na moja ina isosayaneti, kemikali ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Kipuri hujaa mapovu. Ni kemia ile ile inayoumua godoro la sponji! Anayeishi pwani, Tanga au Mombasa, afunge chupa mara tu anapomaliza kupima, na akorogee kijiti cha plastiki, kwa sababu cha mti huficha maji.

Je, wajua kuwa poliuretani ilianzia Ujerumani mwaka 1937, kwa mkemia Otto Bayer? Alifanya kazi kwenye maabara zilizotokana na kampuni ya Bayer, lakini hakuwa ndugu wa mwanzilishi wake.

Resini za poliuretani za haraka hukupa dakika mbili tatu tu za kumimina. Mchanganyiko huanza ukiwa angavu, kikombe kinapata joto mkononi, halafu weupe unatokea na kusambaa mbele ya macho yako. Ukiuona bado uko kikombeni, umechelewa. Resini za epoksi zina subira zaidi, nyingi huhitaji siku nzima kuganda.

Je, wajua kuwa aljineti, unga ambao madaktari wa meno huutumia kuchukua umbo la meno, hutokana na mwani wa kahawia? Si ule unaolimwa Paje na Jambiani, ambao hutoa karajini. Aljineti hunakili vizuri, lakini imejaa maji na husinyaa ikikauka. Imiminie plasta, tena siku hiyo hiyo.

Nakala ya nakala hupungua kidogo kila kizazi. Nakili kutoka kipuri cha asili, la sivyo mkono wa mwanasesere utacheza kwenye tundu lake.

Je, wajua kuwa mvuke wa isosayaneti unaweza kuamsha pumu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii? Kinachofaa ni ile yenye vichujio vya mvuke. Mtoto wa chini ya miaka mitatu usimpe kipuri kidogo hata kikiwa imara: Marekani, kipande kinachoingia chote kwenye kipimo chenye upana wa milimita 31.7 hakiruhusiwi kwenye midoli ya umri huo.

Resini iliyobaki usiimwage kwenye sinki. Iache igandie kikombeni, itupe na kikombe chake.