Kiingereza cha mpakani: Chunga saa, bei na deni

RWANDA ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa shuleni. Watoto walifundishwa darasani; sisi tuliorejea tukiwa watu wazima tulijifunzia sokoni na mpakani.

Pale Rusumo, makosa matatu ndiyo nayasikia zaidi.

La kwanza ni saa. Mtu humwambia dereva "three o'clock" akimaanisha saa tatu asubuhi. Kwa Kiingereza hiyo ni saa tisa; saa tatu ni "nine o'clock". Lori litachelewa saa sita, na nyanya hazisubiri.

La pili ni bei. "Fifteen" ni kumi na tano, "fifty" ni hamsini. La kwanza livute mwishoni, la pili likaze mwanzoni. Ukiona shaka, andika tarakimu.

La tatu ni deni. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Ukiyachanganya maneno hayo, anayedai hugeuka anayedaiwa.

Lafudhi si kosa, ndugu msomaji. Tengeneza kwanza yanayokula mtaji, sarufi itafuata.